Aliyepima Upepo Kabla ya Jua

Pale Same mjini, ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, hakuna atakayekuuliza fundi gani. Hawatafikiria fundi cherehani wala seremala, wala mimi. Watakuonyesha upande wa pili wa barabara kuu, kwenye kibanda cha mabati chenye tairi moja lililopakwa chokaa mlangoni na benchi lisilokosa watu wanaosubiri. Mimi mwenye jengo la matofali, bango la rangi tatu na mashine ya umeme ya kuvulia tairi, naitwa "yule wa ng'ambo". Hata watu waliosimama upande wangu wa barabara huniita hivyo.

Kwa hiyo na mimi humu nitamwita Fundi, kwa kuwa sina jina jingine la kumpa, na hilo peke yake linaniuma. Nimemwonea wivu miaka kumi na minne. Sioni haya kuliandika, maana wivu ambao mtaa mzima unaujua si siri tena. Mke wangu anaujua, wauza mahindi ya kuchoma wa stendi wanaujua, na nina hakika hata yeye mwenyewe aliujua tangu wiki ya kwanza. Nilipofungua duka langu alivuka barabara, akatazama bango, akatazama mashine, akasema, "Mahali pazuri. Utapata watu." Nikasubiri ajute kusema hivyo. Hakujuta hata siku moja.

Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alivaa kofia ya sufu mchana kutwa katika joto la Same, joto linalowafanya hata mbuzi watafute kivuli cha nguzo ya umeme. Ukimuuliza, alisema kichwa chake bado kinaishi mlimani, miguu tu ndiyo iliyoshuka. Miguuni alivaa katambuga alizokata mwenyewe kutoka tairi za lori.

Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Fundi alikuwa mbahili kiasi cha kutuaibisha hata sisi wenyewe. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe zikawa mbili. Majani ya chai aliyachemsha jana akayachemsha na leo, na wateja wake, watu wazima wenye magari, wakayanywa maji hayo ya rangi ya kutu na kushukuru. Lakini kuna kitu kimoja alichokitupa kama mwana wa tajiri, nacho ni vile viraba vidogo vinavyoziba upepo kwenye shina la valvu. Kila alipofungua tairi, kiraba cha zamani kilitoka na kipya kikaingia, hata kama cha zamani kilikuwa na mwezi mmoja. Kisha alitoa mkasi akakikata kile cha zamani vipande viwili mbele yako.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anakikata, si akitupe tu.

"Najijua," alisema. "Nisipokikata, kesho nitakirudisha kwenye gari la mtu."

Foleni yake aliiendesha kwa sheria ya ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la kijiji huko juu milimani. Usiku linajaa maji ya mfereji, asubuhi linafunguliwa, na kila shamba lina zamu yake. Uwe nani, humrukii mwenzako. Fundi aliishusha sheria hiyo mpaka tambarare. Siku moja lilifika gari la vioo vyeusi, dereva akapiga honi mara tatu. Aliyekuwa na zamu alikuwa mfugaji kutoka nyikani, na pikipiki yenye madumu mawili ya maziwa na mwiba kwenye tairi la nyuma.

"Mzee, shikamoo. Tuna haraka, bosi ana kikao," dereva akasema.

"Marahaba. Na maziwa yana kikao na jua," Fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Upepo hauna cheo, mwanangu. Kaa."

Bosi mwenyewe akashuka, akakaa kwenye benchi, akapewa ile chai. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, mashine imewashwa, sina mteja hata mmoja, nikampungia dereva mkono. Alinitazama, akageuza uso. Waliona heri kusubiri dakika arobaini kuliko kuvuka barabara.

Jambo jingine lililonikera ni lile la kupoza tairi. Gari likifika limetoka safari, Fundi hakukubali kupima upepo wake. Aliweka mgongo wa kiganja kwenye mpira, kama mama anavyompima mtoto homa, akasema, "Bado linaumwa. Likae." Tairi la moto linasema uongo, ndivyo alivyoamini. Upepo ukipata joto unavimba, kipimo kinakuonyesha namba kubwa isiyo ya kweli. Kazi zake za kupima alizifanya saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachungulia. Nilikuwa nawaambia watu kwamba mzee anapenda tu kukaa na watu, anawashikilia ili apate wa kuzungumza naye. Nilisema hivyo mara nyingi, na mara nyingi nikawaona walioniitikia wamekaa kwenye benchi lake siku inayofuata.

Na mtu huyo hakujua kuendesha gari. Maisha yake yote kwenye magurudumu, na hakuwahi kushika usukani. Gari likitaka kusogezwa hatua mbili, alimwomba mwenye gari alisogeze. Akitaka kusikia kama gurudumu linatetemeka, alipanda kiti cha abiria, akafumba macho mpaka akaambiwa wamefika. Kwao mlimani alikwenda kwa basi, amebana kipimo chake cha upepo kwapani kwenye mfuko wa rambo. Kanisani aliimba besi, nyuma ya wenzake kwa nusu pigo, na hakuna mwanakwaya aliyethubutu kumwambia. Ningeimba mimi vile, ningeambiwa Jumapili ileile.

Sasa nifike kwenye sensa, maana hapo ndipo wivu wangu ulipopata meno.

Magari ya zamani hayakuwa nazo. Haya ya siku hizi, mengi yanakuja na kidude kidogo kilichofungwa ndani ya rimu, nyuma ya valvu. Kinapima upepo tairi likiwa linatembea, kinaliambia gari, na upepo ukipungua taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Mafundi tunakiita sensa. Fundi wa pancha asiyekijua anaingiza chuma cha kuvulia tairi, anasikia kitu kimelia tak, na hapo ameshakivunja. Kwa mji wa Same, mtu wa kwanza kuzijua sensa nilikuwa mimi. Nilikwenda Arusha kujifunza, nikarudi na kikompyuta cha mkononi cha kuzisoma, nikakiweka kwenye kabati la kioo ili kila anayepita akione.

Wiki ileile Fundi akavuka barabara. Akavua ile kofia, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya nje ya kanisa.

"Kijana wangu, nifundishe," akasema.

Mzee wa umri wa baba yangu, mbele ya wateja wangu wawili, amevua kofia. Mtu mwenye moyo mzuri angemfundisha yote. Mimi nilimfundisha nusu. Nilimwonyesha sensa inakaa wapi, na kwamba tairi linaanza kuvuliwa upande wa mbali na valvu. Nikamwambia nati yake haikazwi kwa hasira, shina lake ni laini, linakatika. Nikanyamaza kuhusu namba. Kila sensa ina namba yake, na ukifunga mpya lazima gari lifundishwe namba hiyo, la sivyo haliisikii na taa haizimi.

Gari lake la kwanza, taa haikuzima. Akaja kuniuliza. Nikamwambia huenda sensa ni mbovu. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya." Akaanza kuuliza kila dereva aliyepita: wa mabasi, wa malori ya jasi ya Makanya, wa watalii. Siku ya kumi na moja dereva mmoja wa watalii akamweleza. Jioni hiyo nikamwona anavuka tena.

"Kumbe zina namba," akasema. "Nilijua wewe hukuambiwa huko Arusha, ndiyo maana nimekuja kukwambia."

Mpaka leo sijui kama alisema kwa moyo safi au alinichoma kisu polepole. Nimeigeuza sentensi ile kila upande, na kila upande inaniumiza. Tangu siku hiyo, yeye asiye na kikompyuta alifunga sensa, kisha akamtuma mteja kwangu nimsomee namba. Mteja aliingia akisema, "Fundi amenituma." Mashine yangu mwenyewe ikawa inamfanyia kazi yeye.

Mteja mmoja tu nilimpata kabla yake, na huyo nilimthamini kuliko wote. Alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule moja huko Bombo, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, aliyenifundisha hesabu nikiwa na kaptura iliyotoboka. Darasani hakuwahi kunisifu. Alipojua kwamba nina duka la tairi Same, alishuka na gari lake mwenyewe, akasimama upande wangu, akasema, "Wewe. Nataka tairi nne mpya." Siku ile nilitamani barabara ifungwe ili Fundi akose cha kufanya ila kutazama.

Ilikuwa saa saba mchana. Gari limetoka mlimani, limekimbia kwenye lami ya moto, rimu hazishikiki. Nilifunga tairi mpya, sensa zake za zamani nikaziacha kwa kuwa zilikuwa zinasoma vizuri, nikajaza upepo thelathini na tatu kama kibandiko cha mlangoni kilivyosema. Thelathini na tatu kamili. Nilijivunia ukamilifu ule.

Kesho yake asubuhi akapiga simu kutoka Bombo. Taa ya njano imewaka. Akashuka nalo, alipofika kwangu taa imezima. Nikapima: thelathini na tatu. Nikamwambia hakuna tatizo. Akapanda. Asubuhi, taa. Akashuka tena. Mara ya tatu nikasema sensa zimezeeka, nikamfungia nne mpya, za zamani nikazitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Akapanda. Asubuhi, taa.

Hapo niliishiwa. Sikutaka kusema sijui mbele ya mwalimu wangu. Nikamwambia gari lina hitilafu ndogo ya umeme isiyo na madhara, nikakata kipande cha gundi ya karatasi nyeusi, nikakibandika juu ya ile taa.

Mwalimu akainama, akakitazama kile kipande. Akakibandua kwa ukucha.

"Ulikuwa hivihivi darasani," akasema. "Swali likikushinda, unalifuta ubaoni."

Akawasha gari, akavuka barabara.

Niliona yote kutoka mlangoni kwangu. Fundi hakufungua hata boneti. Alimpa chai, akamuuliza swali moja. Swali lenyewe nililijua baadaye, na nimelala nalo na kuamka nalo kwa miaka. Alimuuliza, "Mwalimu, taa inawaka saa ngapi?"

Mimi sikuwa nimeuliza. Inawaka saa kumi na mbili asubuhi, Mwalimu akasema, na kwenye saa tatu jua likiwa limepanda inazima yenyewe. Ijumaa hiyo Fundi akapanda basi la Bombo na mfuko wake wa rambo, akalala kwa walimu. Kulipopambazuka, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba, akapima tairi zote nne. Thelathini na tatu yangu ilikuwa imekuwa ishirini na sita. Sensa zangu mpya zilikuwa zinasema kweli, na zile nilizozitupa zilikuwa zinasema kweli vilevile. Aliyekosea ni mtu aliyepima upepo wa moto wa tambarare, akampa mtu anayelala kwenye baridi. Fundi akaongeza upepo palepale kwa pampu ya mguu, na taa haikuwaka tena.

Ningekuwa mimi, ningelitangaza jambo hilo mpaka Mwanga. Yeye alimwambia Mwalimu, "Yule kijana wa ng'ambo amefunga kazi safi. Jua la Same limewadanganya wengi, hata mimi limenidanganya." Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuja kunieleza, kwa ile sauti ya kusahihisha madaftari. Nilikasirika siku tatu. Laiti angenisema vibaya, ningepata cha kumchukia. Alinitetea, na Mwalimu akawa mteja wake kuanzia siku ile. Nilikosa vyote viwili.

Halafu akaja kuniomba zile sensa nne zilizokuwa kwenye pipa. Nikampa huku nikicheka moyoni: mbahili huyu, sasa anaokota takataka. Baada ya wiki mbili, gari la zahanati moja ya mlimani likaingia kwangu, limetumwa na Fundi lisomewe namba. Nikaweka kikompyuta kwenye gurudumu la kwanza, la pili. Kwenye la tatu nikaona alama kwenye shina la valvu, mkwaruzo wa spana yangu mwenyewe. Zilikuwa zilezile. Gari ni la aina moja na la Mwalimu, na sensa zilikuwa nzima. Nikalifundisha gari namba za vitu nilivyovitupa kwa mikono yangu, taa ikazima, na nesi akaniambia nikamshukuru Fundi.

Nyumbani nako sikuwa na pa kukimbilia. Mke wangu akipika makande, bakuli la kwanza lilifunikwa kwa kitambaa likavuka barabara. "Mzee anakaa peke yake," alisema. Na bakuli halikurudi tupu. Mara tangawizi, mara ndizi, siku moja kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi ili kisije kikawa kikubwa mno. Mke wangu alikicheka kile kipande wiki nzima kwa upendo mkubwa. Mimi niliwahi kumletea khanga pea mbili kutoka Arusha na hakucheka hivyo.

Miaka ikaenda. Mikono ya Fundi ikaanza kutetemeka. Niliiona kabla ya wengine, kwa kuwa hakuna aliyemtazama kama nilivyomtazama mimi. Kwanza kikombe, kisha kipimo, kisha mkasi wa kukatia viraba. Nilihesabu, na Mungu anisamehe, nilihesabu nikitumaini.

Mwaka huu, wiki chache kabla Mwalimu hajastaafu, niliinua macho kama saa mbili asubuhi nikamwona Fundi anavuka barabara kuu akisukuma gurudumu kwa mikono miwili. Basi likampigia honi, likamkwepa. Akaliegemeza kwenye ukuta wangu, akarudi, akavuka na la pili. Hakuwahi kuendesha gari, asingeanza leo. Ng'ambo kule gari la Mwalimu lilikuwa limekaa juu ya vyuma vinne vya kuegemezea, bila magurudumu. Nilipaswa kwenda kumsaidia. Nilisimama nikamtazama mpaka la nne.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akakaa kwenye benchi langu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Alihema kwanza. "Mwalimu ameweka tairi mpya. Zile sensa ulizomfungia zina miaka sita, betri zake zimeanza kuchoka, tukakubaliana tubadilishe zote maadamu tairi limefunguliwa. Tatu nimezifunga."

"Na ya nne?"

Akafungua kiganja. Sensa mpya kabisa, imekatika shingoni.

"Nimevunja," akasema.

Nitasema kweli: nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka masikioni. Fundi amevunja sensa! Nilishaanza kupanga maneno ya kuwaambia watu wa stendi, nitaanzaje, nitatikisa kichwa kwa huruma wapi. Nilidhani pia kwamba ninajua alichokifuata. Ndani ya kabati nilikuwa na sensa isiyo na namba bado, ya kuandikwa kwa kikompyuta, inayoingia kwenye gari lile. Niifunge, ninyamaze, na Mwalimu asijue kitu. Hicho ndicho ambacho mimi ningekifuata.

Kisha nikautazama ule mkono. Aliushika kwa mkono mwingine ili utulie, na ule mwingine nao ukatetemeka. Furaha yangu ikaisha hapohapo, ikaacha ladha mbaya mdomoni.

Nikavua tairi zote nne, nikianzia mbali na valvu, nikakagua zile tatu alizofunga. Viraba vipya. Nati zimekazwa sawasawa. Nikafunga ya nne, nikaiandika namba. Nilipochukua kiraba cha zamani cha gurudumu la nne alininyooshea mkasi wake, nikakikata vipande viwili. Mzee hakutoa macho kwenye mikono yangu muda wote, na sikumbuki lini nilifanya kazi kwa uangalifu vile.

Mwalimu akatokea saa tano, ametoka mjini kwenye shughuli zake za kustaafu, akavuka kuja upande wangu. Nilikuwa nimeshaamua. Sisemi kwamba niliamua kwa wema mtupu. Nilichoka kuwa mtu anayetetewa. Mara moja tu katika maisha yangu nilitaka kuwa mimi ninayetoa.

"Mwalimu, shikamoo. Sensa moja mpya imevunjika. Nimeivunja mimi."

Akashusha miwani. "Fundi alinipigia simu saa moja asubuhi akaniambia ameivunja yeye. Akasema hivi: yule kijana wa ng'ambo atataka kuibeba, usimkubalie."

Nikageuka. Fundi alikuwa anasinzia kwenye benchi, au alijifanya.

Hata hilo, nikajisemea. Uongo mmoja mzuri niliowahi kuutunga, na yeye alishaupitia kabla yangu. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuikunja rimu. Ilinichukua mpaka nafunga duka kuelewa jambo lenyewe: kwamba saa moja asubuhi, kabla sijafurahi na kabla sijaona aibu, kulikuwa na mtu mmoja mjini Same aliyeamini kwamba mimi nitaibeba. Mimi mwenyewe nisingeamini.

Hatukujaza upepo siku ile. Hakuna aliyeniagiza. Niliweka mgongo wa kiganja kwenye mpira, nikasema, "Zikae mpaka asubuhi," na Mwalimu akaenda kulala kwa ndugu yake mjini.

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa ng'ambo, kwenye kibanda cha mabati, nazifunga tairi kwenye gari. Fundi alikuja na kofia yake, akakaa juu ya lile tairi la chokaa. Nikapima zikiwa za baridi. Nikaweka thelathini na tatu, nikafikiri Bombo, nikaongeza mbili. Nikapitisha kikompyuta gurudumu kwa gurudumu. Kisha nikarudi upande wangu kukihifadhi, na Fundi akanifuata polepole, akakaa kwenye benchi langu kana kwamba ni lake tangu zamani.

Mwalimu akafika, akaingia kwenye gari, akaliwasha. Tulimwona akiinama kutazama dashibodi. Akashusha kioo, akatoa kichwa.

"Fundi!" akaita kuvuka barabara.

Mzee alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima. Alikuwa anasikia gurudumu linalolegea kutoka stendi. Aliinama, akaanza kurekebisha kamba ya katambuga yake, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Fundi!" Mwalimu akaita tena.

Nikamtazama mzee nimwambie anaitwa. Hakuinua kichwa. Aliendelea na ile kamba. Lori la jasi likapita, likatuziba, vumbi likatua. Mwalimu alikuwa bado anatazama upande wetu, anasubiri.

"Naam, Mwalimu!" nikasema.

"Taa imezima. Niondoke?"

"Ondoka, Mwalimu. Kesho saa kumi na mbili nipigie, kabla ya jua."

Akanyoosha mkono dirishani, gari likaingia barabarani. Tulilitazama likienda mpaka likapotea.

Fundi akamaliza kamba yake, akaketi wima.

"Umekawia kuitika," akasema.